Vyungu Nilivyoviosha

Mwanangu Minza,

Salamu sikuandikii, kwa sababu tumeamkiana asubuhi hapa hapa jikoni, na jioni ukirudi kutoka kwa baba yako mkubwa ulikokwenda kuaga tutasalimiana tena. Nimekuita Minza. Najua barua ya kazi imeandikwa Tabitha, na tangu darasa la nne hutaki kusikia jina jingine. Vumilia hili la bibi yako mpaka mwisho wa karatasi hizi, halafu uamue mwenyewe.

Mambo ya kula, kulala na kujihadhari na watu wa mjini sitayagusa. Shangazi zako wameyasema wiki nzima, tena kwa zamu, na nimekuona ukiitikia huku unakunja nguo. Umetoka jeshini, umeshajifunza kulala chini na kuamka kwa filimbi, kwa hiyo Dar es Salaam haitakushinda. Mimi nina jambo moja tu. Umepangiwa ukarani wa masijala kwenye ofisi inayotunza habari za mambo ya kale, na kazi yako itakuwa kutoa mafaili na kuyarudisha. Katika mafaili hayo limo moja lenye jina la bibi yako, yule uliyerithi jina lake, na limeandikwa kwamba aliidanganya serikali. Siku moja litapita mikononi mwako. Sitaki ulikute huko kabla hujalisikia kwangu, maana aliyestahili kuandikwa humo ni mimi.

Nimeshalisema. Sasa nikueleze kwa utaratibu, baba yako yuko machungani na nyumba imetulia.

Unakikumbuka kijito cha Nyasamba, kule tulikokaa kabla ya kuhamishwa, upande wa Sapiwi. Ulikuwa ukioga pale. Ambapo hukupajua vizuri ni pale kinapoingia chini ya mawe. Maji yalizama katikati ya majabali mawili, yakapita gizani mwendo wa kutoka hapa nyumbani mpaka kisima cha shule, kisha yakatokea upande wa pili wa kilima. Kiangazi kikikaza, kijito chote kilikauka juu, lakini mle ndani maji hayakuisha. Kwa hiyo wakati wa ukame palikuwa mahali pa wanawake. Tuliingia kwa mlango wa chini, tukakinga, tukatoka. Wanaume hawakuingia. Hakuna aliyewazuia kwa fimbo, ilikuwa haifanywi tu, na baba yako mpaka leo hajui mle ndani kulikuwaje. Aliyetuongoza ni bibi yako. Kila aliyefika alimwaga kibuyu chake cha kwanza kukirudisha kwenye maji, na hakuna aliyegusa vitu vilivyokuwa juu ya kibaraza.

Kibaraza ninachokisema ni ukingo wa mwamba, kimo cha kifua, juu kidogo ya maji. Palikuwa na vyungu kumi na viwili, jiwe la kusagia, mifupa, na mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki mtu akiyeyusha chuma. Vyungu vilikuwa vimezama nusu katika tope lililokauka likawa gumu. Bibi yako alivikuta pale alipoolewa, na mama mkwe wake naye alivikuta. Alisema ni vya waliotutangulia, na kwamba hao ndio waliotuachia maji. Mimi nilikuwa na miaka kumi ya ndoa, nilishavizoea, na kusema kweli niliona ni vyungu vichafu.

Mwaka wa kuhamia vijijini wewe ulikuwa na miaka tisa, na tulikuwa tumekupeleka Ipililo kumlelea mama yako mdogo mtoto. Ndipo ikaja habari kwamba kijiji kipya kitachimbiwa lambo, na tuta lake litawekwa kwenye Nyasamba. Bwana maji alikuwa amechagua sehemu mbili. Moja ilikuwa karibu na mlango wa chini wa pango, na hapo lambo likijaa maji yangerudi nyuma na kulifunika pango lote. Nyingine ilikuwa mbele zaidi, bondeni, ambako pango lingesalimika ila trekta lingefanya kazi zaidi. Bibi yako alisikia hayo akaenda Bariadi kwa miguu. Alikwenda mara mbili. Sijui alimwambia nani wala kwa Kiswahili gani, maana chake kilikuwa cha salamu na cha gulioni, lakini mara ya pili walimsikiliza. Akaletwa mtu wa mambo ya kale.

Aliitwa Ndugu Mbaraka. Alikuwa kijana mnene wa Tanga, mpole, anayeswali kwa wakati na kuwaogopa popo. Alisema mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba atapima pango lote na kulichora. Akikuta vitu vya kale vikiwa mahali vilipoachwa na wenyewe, ataandika hivyo, na tuta litakwenda bondeni. Asipokuta, lambo litajengwa palipo rahisi. Hakuahidi zaidi ya hapo. Bibi yako alinitaka nimfasirie maneno hayo mara mbili, kisha akasema basi, na aje aone.

Ndugu Mbaraka alihitaji mtu wa kushika tepu na kusoma namba gizani. Wanaume wakatazama pembeni. Mimi nilikuwa naongoza darasa la elimu ya watu wazima kwa kujitolea, niliweza kusoma namba mpaka na nukta zake, na niliweza kufasiri kati yake na bibi yako. Nikapata kazi mbili kwa mara moja. Sitakuficha, kichwa kilinivimba. Nilipita kisimani na tepu ile mkononi hata siku ambayo hatukupima.

Tulianza kwa mlango wa juu kwa sababu alisema ramani ya pango la maji hufuata maji. Bibi yako alitangulia na karabai. Ndugu Mbaraka alipiga alama ya chokaa kwenye mwamba, hicho kikawa kituo cha kwanza. Mimi nikaenda mbele na ncha ya tepu mpaka pale pango linapopinda, nikapiga alama ya pili. Yeye aliangalia dira, mimi nikasoma tepu, kisha tukapima kushoto, kulia, na juu mpaka kwenye paa kwa ufito ulionyooka. Kila namba alinirudishia kabla ya kuiandika. Maji yalifika magotini na yalikuwa ya baridi kiasi cha kutia ganzi. Popo wakipita, anainama na kulifunika daftari kwa mwili wake, na bibi yako anacheka pole pole ili mgeni asisikie.

Kati ya kituo cha nne na cha tano nilimwambia mita saba. Aliniuliza, "Imefika saba au imekaribia?" Nikainamisha tochi nikatazama tena. Ilikuwa sita na nukta nane. Hakunigombeza, aliandika tu, lakini kuanzia hapo nilisoma kila mstari wa tepu ile nikiwa nimekaza macho. Nilijifunza kupima kwa siku moja. Ninalotaka ulijue ni kwamba nilikuwa hodari kwenye kazi ile, na yaliyofuata hayakutokana na ujinga wa namba.

Siku ya pili jioni tulifika kituo cha nane, mahali pembamba ambapo mtu anapita ubavu ubavu. Mafuta ya karabai yalikuwa yanakwisha. Akasema kesho tutapita hapo na kufika kwenye vyungu, na kwamba usiku huo mtu yeyote asiingie, vitu vibaki vilivyo. Nilifasiri. Bibi yako akajibu kwamba hilo hakuhitaji kuambiwa. Mimi nilidhani anaogopa wezi.

Sasa nifike kwenye asubuhi yenyewe.

Unajua jinsi tunavyompokea mgeni. Chombo atakacholia kinaoshwa mbele yake, hata kama kilikuwa safi tangu jana, ili aone. Mimi nilipoletwa kwa bibi yako kama mke wa mwanawe, siku ya tatu alikigeuza chungu changu, akapitisha kidole kwenye kitako chake, akakitazama kile kidole mbele ya wanawake wote, akakipangusa kwenye kanga yake. Tangu siku ile sikumpa nafasi tena. Nilikuwa nasugua vyungu mpaka jirani wananicheka. Basi usiku ule nililala nikiwazia kwamba kesho mtu wa serikali kutoka mbali ataonyeshwa vyungu vyetu vikiwa na masizi, tope na ukoko, na atarudi kusimulia kwamba Wasukuma wa Bariadi hawaoshi vyombo. Niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Kukapambazuka nikachukua majivu kwenye kipande cha gunia na magunzi mawili ya mahindi, nikaingia kwa mlango wa chini peke yangu.

Niling'oa vyungu kutoka kwenye lile tope gumu kimoja kimoja. Cha kwanza kilivunjika mkononi. Vilivyobaki niliviloweka kwanza, nikawa mwangalifu. Nilisugua nje na ndani. Ukoko wa ndani ulikuwa mgumu, na kwenye kimoja kulikuwa na punje za kitu zilizoungua zikagandamana chini. Hizo nilizikwangua kwa kucha na zikachukuliwa na maji. Nilipomaliza nilivifudikiza kwa mstari, kikubwa kwanza, kidogo mwisho, kama ninavyopanga nyumbani. Kibaraza kilikuwa kimejaa vumbi la tope na mifupa midogo midogo. Nikavunja matawi nje, nikarudi, nikafagia. Nilitoka nikiwa nimechoka na nimeridhika kabisa.

Baada ya saa moja hivi tuliingia watatu kwa mlango wa juu. Penye wembamba Ndugu Mbaraka alikwama, tukamvuta mkono, akacheka mwenyewe. Nikapiga alama ya kituo cha tisa na kusoma tepu. Ukijumlisha vituo vyote, ilikuwa mita mia moja na kumi na mbili kutoka mlango wa juu. Aliandika. Kisha bibi yako akainua karabai juu ya kibaraza.

Vyungu kumi na kimoja vilikuwa vimepinduliwa pale, vingine bado vinadondosha maji. Alama za ufagio zilionekana kwenye mwamba. Nilisimama pembeni nikingoja kusifiwa. Nakuandikia hivyo hivyo ilivyokuwa.

Ndugu Mbaraka alisogea kibarazani. Aligusa kimoja, akanusa kidole chake. Kisha akaniambia nimuulize mama ni nani aliyeingia humu leo. Nami nikamgeukia bibi yako na kumuuliza kwa Kisukuma, neno kwa neno, kana kwamba ni swali la mtu mwingine kabisa: "Mayu, anauliza, nani kaingia humu leo?"

Hakunitazama usoni, alinitazama mikono. Nilikuwa nimenawa viganja, lakini majivu yalikuwa yamekaukia juu mpaka kwenye viwiko, na mwanga wa karabai ni mweupe, hauachi kitu. Alitazama kwa muda wa kutosha kuhesabu vidole vyote. Halafu akasema, "Mwambie mimi ndiye mwenye kuja humu."

"Anasema yeye ndiye anayekuja humu," nilimwambia Ndugu Mbaraka.

Nilifasiri vizuri. Sikuongeza neno wala sikupunguza, na mtu akinishitaki kwa ufasiri wangu nitashinda kesi. Ndugu Mbaraka aliandika. Kisha akanieleza, bila hasira, kwamba masizi, tope na ukoko ndivyo vinavyoonyesha chungu kilipikiwa nini na kimekaa pale muda gani. Chungu kilichosuguliwa kinaweza kuwa cha mababu na kinaweza kuwa cha juzi, na yeye hawezi kula kiapo. Aliniuliza, "Hata kama ni vya kale, niandike nini? Nimekuta vimeanikwa." Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilielewa chote, palepale, miguu ikiwa majini.

Tuliendelea kupima mpaka mlango wa chini. Vituo vitano zaidi. Nilisoma kila namba sawasawa na sauti yangu haikutetemeka hata mara moja, jambo ambalo linanishangaza mpaka leo.

Jioni ile nilikuwa nasonga ugali, bibi yako akipepeta mtama mlangoni. Aliniuliza bila kuinua kichwa kama nilitumia majivu au mchanga. Nikamwambia majivu, na gunzi. Akasema, "Ndiyo maana vilitakata," akaendelea kupepeta. Nilingoja aseme jingine. Ningefurahi kama angenipiga kwa ungo ule.

Taarifa ilikuja baada ya mwezi na nusu, na katibu aliisoma kwenye mkutano wa kijiji. Ilisema ramani ya pango imekamilika. Ilisema vyungu vilivyokutwa ni vya matumizi ya kawaida, vilivyopangwa pale karibuni na mkazi mmoja, Minza, kwa nia ya kuchelewesha ujenzi wa lambo. Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, ni kile cha watu wanaomwona mzee amejaribu ujanja na serikali. Bibi yako alisimama, akasema kwa Kisukuma kwamba vyungu si vyake, akakaa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu, hatua nne kutoka kwake.

Ningependa kukuandikia kwamba nilimwogopa baba yako, au mwenyekiti. Ungenielewa na ungenihurumia. Lakini sikumwogopa mtu. Barua ile ilikuwa na ukurasa wa pili, na katibu alikuwa ameshanidokeza kilichomo: Ndugu Mbaraka alipendekeza nifanywe mwalimu wa kuajiriwa wa elimu ya watu wazima, kwa sababu ni mwangalifu na msemakweli wa namba. Niliutaka ualimu ule. Niliutaka kuliko nilivyotaka bibi yako aonekane mkweli. Nikafunga mdomo, katibu akafungua ukurasa wa pili, na watu wakanipigia makofi. Yeye naye alipiga. Nilimwona.

Yaliyobaki unayajua, ila hukujua yametoka wapi. Lambo lilijengwa palipo rahisi, likajaa masika ya kwanza, na pango likaenda na maji. Bibi yako hakuwahi kunywa maji ya lambo. Alikuwa akitembea mpaka kisima cha mbali, na wewe ulimwona mkaidi, nami nilikuacha uone hivyo. Wanawake waliozoea kumngoja atangulie wakaacha kumngoja. Kijiji kizima kilimwita Mama Vyungu, na ulipoanza darasa la nne watoto wakakuita Minza wa vyungu. Ulirudi unalia, ukaniuliza kama ni kweli bibi alidanganya. Nikakuambia uwapuuze, nikakupa kiazi. Mwaka huo ukabatizwa, ukalishika jina la Tabitha na hukuliachia tena.

Nilimpenda yule mwanamke. Nalisema kwa sababu maneno niliyoandika mpaka hapa yanaweza kukufanya ufikiri vinginevyo. Alinifundisha kupika, kuzaa na kunyamaza, na la mwisho nililitumia vibaya. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakunitaja. Watu wa kanisani wangesema alinisamehe. Sina hakika. Labda aliona kwamba mimi ni mtu wa nyumba yake na uchafu wa nyumba hautolewi nje. Labda alikuwa ananingojea niseme mwenyewe, akanipa nafasi mle pangoni, akanipa nyingine jikoni, na nyingine mkutanoni.

Alipougua mara ya mwisho, wewe ulikuwa shuleni. Nilimpelekea uji, nikakaa chini, nikapiga moyo konde. Nikaanza, "Mayu, vile vyungu..." Aliinua mkono. "Usinisimulie mimi," alisema, "mimi nilikuwepo. Msimulie huyo mwenye jina langu." Kisha akaomba uji. Alikufa baada ya siku mbili, na hiyo ni miaka saba sasa. Kila likizo ulipokuja nilijiambia likizo ijayo. Ulipokwenda jeshini nilijiambia ukirudi. Kesho unapanda basi la Shinyanga, na huko ukapande treni, ndiyo maana asubuhi umeniona naandika, nikasingizia kwamba ni mahesabu ya darasa.

Sitaki ufikiri kwamba nilitaabika sana. Nilifundisha miaka yote hiyo na nilifundisha vizuri. Wazee wenye mvi wamejifunza kuandika majina yao mbele yangu. Ila kila nilipochukua kitambaa kufuta ubao, mkono ulisita kidogo, na kuna siku niliwaachia ubao ukiwa na maandishi ya jana, wakadhani mwalimu amechoka. Kiangazi kilichopita, lambo lilipopungua, nilikwenda kusimama ukingoni. Majabali ya mlango wa juu yalikuwa yametokeza, yamejaa tope, na ng'ombe wa watu wanakanyaga. Nilisimama mpaka mchungaji mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana.

Limebaki moja, na ni hili lililonifanya nichane karatasi mbili kabla ya hii. Nimekuambia kwamba vyungu vilikuwa kumi na viwili na kimoja kilivunjika. Vipande vyake nilivitupa majini ili pasionekane kitu, isipokuwa kimoja, cha mdomo wa chungu, chenye ukubwa wa kiganja. Hicho nilikuwa sijakisugua. Nilikifunga kwenye kaniki na kukitia kiunoni, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuja kuona kama kinaungika. Siku katibu anasoma taarifa kilikuwa ndani ya mtungi wangu wa mbegu, nyumbani, mwendo wa dakika kumi. Kina tope lake, kina masizi yake. Ningeweza kuinuka, kwenda kukileta, na kukiweka mezani mbele ya mwenyekiti, na tuta lilikuwa bado halijaanza. Hilo bibi yako hakulijua. La majivu alilijua na akalibeba, lakini hili sikumpa nafasi ya kulijua, na hata alipokuwa anakufa sikulitaja. Wewe ndiye mtu wa kwanza.

Ukilikuta faili hilo, sikuagizi la kufanya. Unaweza kulirudisha kwenye rafu yake, na sitakulaumu, maana karani mpya hana sauti ofisini. Ukitaka kulipeleka kwa mkubwa wako, jina langu ni Kabula na nipo, wanaweza kuja kuniuliza. Ramani itakuwa humo. Tafuta kituo cha tisa, mita mia moja na kumi na mbili kutoka mlango wa juu, ukingo wa kushoto ukifuata maji, kimo mita moja na nukta tatu. Namba hizo nilizisoma mimi na ni za kweli. Kile chungu kilichovunjika kilikuwa cha tatu kuhesabu kutoka kwenye jiwe la kusagia.

Kigae chenyewe kimo ndani ya sanduku lako, chini ya michembe ya viazi vikavu, kwenye ile ile kaniki. Upande wa ndani kina ukoko, na kwenye ukoko zimeganda punje tatu za mtama. Ukifika utakuta kimekuchafulia nguo kidogo, na najua mkono wako utakimbilia maji, kwa sababu mimi ndiye niliyekulea.

Usikioshe.

Mama yako,
Kabula